Barua ya wazi kwa wakuu wa shule na kamati za wazazi wa Fizi na Baraka: Mfungulieni mtoto mwenye kipaji mlango wa Latin-Philo

Kwa Waheshimiwa wakuu na wakaguzi wa elimu wa Fizi na Baraka; kwa maprefe wa shule za sekondari, za serikali na za mkataba wa dini; kwa mapadri, wachungaji na maimamu walioshika amana ya shule hizo; na kwa baba na mama zetu wa kamati za wazazi.

Waheshimiwa,

Naomba idhini ya kusema mbele ya watu wote jambo ambalo kwa miaka mingi limekuwa likisemwa kwa sauti ya chini vyumbani mwa walimu na barazani mwa nyumba: ya kwamba katika nchi yetu hii ya Fizi, mashariki mwa Kongo, inayotandaa kutoka Makobola hadi Kazimia, na kutoka ufuko wa Ziwa Tanganyika hadi milima ya Lulenge, mtoto mwenye akili kali aliyejaaliwa mapenzi ya lugha, historia na falsafa ni nadra kupata mahali pa kuzisoma elimu hizo kwa ukamilifu, na hata mahali hapo panapopatikana, sisi wazazi pamoja nanyi wakuu humzuia asiende, kwa hofu, kwa mazoea, na wakati mwingine kwa dharau.

Siandiki kama hasimu wenu. Mimi ni mwalimu na mzazi wa hapa Baraka, na mizigo mliyoibeba naijua. Naijua shule ya sekondari inayoishi kwa minervali, yaani ada, ya wavuvi na wakulima, kwa kuwa elimu ya bure iliyoanza Septemba 2019 iliishia katika shule ya msingi; nawajua walimu wanaofundisha mwaka baada ya mwaka bila mshahara wa serikali; na najua kwamba vita vimewafanya baadhi yenu kuhamisha madarasa na wanafunzi wenu zaidi ya mara moja. Basi haya nitakayoyasema hayatoki katika kutojua shida zenu. Yanatoka katika yakini kwamba shida hizo zote hazitoshi kuwa udhuru wa kosa ambalo tunalitenda kwa hiari yetu wenyewe. Nayapanga malalamiko yangu kwa hesabu, ili mwenye kutaka kunijibu ajue anajibu lipi.

1. Tunawaita watoto wachague, ilhali chaguo hatuwapi.

Mtoto wetu akifika mwisho wa darasa la 8 la elimu ya msingi, kwa utaratibu uliowekwa na sheria ya elimu ya Februari 2014, hufanya mtihani wa TENASOSP, ambao kusudi lake ni kupima mwelekeo wa kila mmoja na kumwongoza katika opsio, yaani mchepuo, itakayomfaa kwa miaka 4 ya humanités, yaani sekondari ya juu. Agizo ni jema, lakini matendo yetu hayalifuati. Katika vijiji vingi vya mwambao, Swima, Mboko na hata ng'ambo ya Ubwari, shule iliyo karibu aghalabu ina opsio moja au mbili, mathalan Pédagogie, Sociale au Commerciale, na mtoto huingia katika ile ambayo miguu yake inaweza kuifikia, moyo wake upende usipende. Mjini Baraka, penye shule nyingi, dhuluma huja kwa sura nyingine: aliyepata alama za juu huambiwa ni wa Biochimie au Math-Physique, maana huko ndiko waendako wenye akili, aliyepata alama hafifu huachwa ajitafutie, na Latin-Philo, opsio ya Kilatini na falsafa, ikiwa itatajwa kabisa, hutajwa kama njia ya anayetaka upadri au kimbilio la aliyeshindwa na hesabu. Nimewaona vijana wenye uwezo wa kuandika Kifaransa na Kiswahili kwa ufasaha unaomshinda mwalimu wao, wakikaa miaka 4 mbele ya milinganyo wasiyoipenda, wakapata diploma kwa taabu, na kipaji chao kikasahauliwa nao wenyewe. Zamani mzazi mwenye uwezo aliweza kumpeleka mwanawe Bukavu. Tangu mji huo ulipotwaliwa na waasi wa M23 mnamo Februari 2025, ni mzazi gani wa Fizi atakayethubutu kumtuma mtoto wa miaka 14 katika safari hiyo kwa ajili ya masomo?

2. Mlango huu ulifungwa na wakoloni, na sasa funguo tunazishika sisi.

Wazee wanakumbuka kwamba Wabelgiji waliwafundisha Wakongo wengi kusoma na kuandika, lakini waliwaruhusu wachache mno kupanda juu ya hapo. Kilatini kilifundishwa katika seminari kwa ajili ya upadri, na humanités zenyewe kwa muda mrefu zilikuwa haki ya watoto wa Wazungu; hata ile Collège Notre-Dame de la Victoire ya Wajesuiti mjini Bukavu, tuiitayo leo Alfajiri, ilianzishwa 1938 kwa ajili yao. Matokeo yake yakaonekana tarehe 30 Juni 1960, siku ya uhuru, wakati Wakongo waliomaliza chuo kikuu hawakufika 30, wala hapakuwa na Mkongo hata mmoja mwenye shahada ya sheria. Nchi kubwa kuliko karibu zote barani ilianza kujitawala bila mwanasheria wake.

Si kwamba akili zilikosekana. Masomo ya sheria huko Ubelgiji yalimtaka mwanafunzi awe amesoma Kilatini na Kiyunani, na shule alizoruhusiwa Mkongo hazikumpa lugha hizo. Kwa kumnyima opsio, walimnyima mahakama. Marcel Lihau, aliyezaliwa 1931, ilibidi afundishwe kando na Wajesuiti Kilatini, Kiyunani na Kiflamandi ndipo ashinde mtihani wa kuingia. Na mwaka 1963 akawa Mkongo wa kwanza kupata shahada ya sheria. Mtu huyo alishiriki kuandika katiba ya Luluabourg ya 1964, akawa rais wa kwanza wa Mahakama ya Juu ya nchi mwaka 1968, na mwaka 1975 Rais Mobutu alimwondoa kwa sababu alikataa kuwapa adhabu kali wanafunzi walioandamana. Nawaomba mtafakari hayo: Kilatini kile kinachodhaniwa kuwa maneno ya wafu kilikuwa ndicho kibali cha kuingia palipotoka hakimu aliyethubutu kumwambia mtawala hapana. Wakoloni walijua vema walichokuwa wakikizuia. Sisi, tuliorithi shule zao, twakizuia bila kujua.

3. Nchi yenye mabishano makubwa imekosa watu waliofunzwa kupima maneno.

Hakuna kati yenu asiyejua kwamba Fizi ni nchi ya mashitaka yasiyokwisha: ya mashamba, ya malisho, ya mipaka ya sekta, ya nani alitangulia kufika na nani mgeni. Kila jamaa ina masimulizi yake, na kila masimulizi huanza pale yanapomfaa msimulizi. Katika nchi kama hii, neno lisilopimwa huua. Mauaji ya Makobola, mwisho wa 1998 na mwanzo wa 1999, yameandikwa katika ripoti ya Umoja wa Mataifa iliyotolewa Oktoba 2010. Lakini ni wangapi miongoni mwa vijana wetu wa humanités ambao wamewahi kufundishwa namna ya kusoma hati kama hiyo, kujiuliza kila ushahidi umetoka kwa nani, kulinganisha shahidi na shahidi, na kutenga lililothibitika na lililosikika tu? Ujuzi huo hauji wenyewe kwa kukua umri. Una walimu wake na kanuni zake: mantiki huufundisha kwa kuchambua hoja, historia kwa kuchunguza ushahidi, na tafsiri ya Kilatini kwa kumlazimisha kijana asiseme zaidi wala pungufu ya yaliyoandikwa mbele yake. Kijana aliyepitia malezi hayo hawi mtume, wala hapewi kinga ya chuki. Lakini huwa vigumu kumdanganya kwa sauti iliyorekodiwa na kutumwa kwenye simu, na akiwa karani, hakimu, mwandishi wa redio au mzee wa baraza, watu wa pande zote mbili wanaweza kumpelekea shauri lao.

Tunaomba amani kila Ijumaa na kila Jumapili. Ni haki pia tuwalee watu watakaoweza kuiandika amani hiyo kwa masharti yanayoeleweka.

4. Hazina yetu imeandikwa na wageni, na iliyobaki inazikwa na wazee wetu.

Mtu akitaka leo kusoma juu ya sanamu za kale za nchi ya Wabembe, kitabu atakachokiona kwanza kimeandikwa na Daniel Biebuyck, mtaalamu wa Kibelgiji. Mtu akitaka kujua habari za milima yetu katika mwaka 1965, atasoma aliyoyaandika Che Guevara, aliyekuwa huku kutoka Aprili hadi Novemba mwaka ule. Mkulima aliyempa mihogo na mvuvi aliyemvusha ziwa usiku hawana kitabu. Habari za Hewa Bora, alikokaa Laurent-Désiré Kabila na wapiganaji wa chama chake cha PRP tangu 1967, zimo vifuani mwa wazee ambao kila mwaka wanapungua. Simlaumu mgeni aliyeandika, namshukuru. Lawama ni yetu sisi, kwamba hatukumweka mwenyeji kando yake.

Mahali alipowekwa, faida ilionekana. Mwaka 1956 Biebuyck alipokuwa katika nchi ya Wanyanga, huko Kivu ya Kaskazini, fundi wa masimulizi aitwaye Shekarisi Candi Rureke alimwimbia utenzi wa Mwindo kwa siku kadhaa. Na kitabu cha utenzi huo kilipotoka 1969 jalada lilikuwa na majina mawili, la Biebuyck na la Kahombo Mateene, Mnyanga aliyekuwa amesoma elimu ya lugha na kuweza kuyatafsiri maneno ya kwao kwa haki. Hata pasipo shule kubwa kiu hiyo ilikuwapo: mwaka 1965 huko Elisabethville, André Yav, mmoja wa watumishi wa majumbani, aliandika kwa Kiswahili historia ya mji ule kama watumishi walivyoijua, na leo wanachuo wa ulimwengu huisoma. Ikiwa mtumishi wa nyumbani aliweza hayo kwa nguvu zake mwenyewe, je, mwanafunzi hodari wa Baraka angeweza nini akipewa miaka 4, mwalimu na rafu ya vitabu? Masimulizi ya Kibembe, ya Kibuyu, ya Kifuliru, ya Kinyamulenge na ya Wabwari, tenzi na kasida za Waislamu wa mwambao, nyimbo za wavuvi wa ndakala, yote hayo yanamngoja kijana ambaye tumempeleka kukariri majina ya asidi.

5. Hofu ya njaa ni hofu ya haki, lakini imeelekezwa pasipostahili.

Najua jawabu litakalonijia: mtoto atakula falsafa? Sitalidharau swali hilo, kwa kuwa huulizwa na mama aliyeuza mafuta ya mawese ili alipe minervali. Basi nalijibu kwa mambo yaliyo mbele ya macho. Kwanza, Biochimie tunayoisifu hufundishwa katika shule zetu nyingi bila maabara, kwa chaki na ubao, na mwenye diploma yake hapewi kazi kwa kuwa nayo. Wengi wao tunawaona mgodini Misisi au juu ya pikipiki. Pili, kila mtahiniwa wa Examen d'État, mtihani wa taifa wa kumaliza sekondari, awe wa opsio yoyote, huandika insha ya Kifaransa, kisha hujibu maswali ya utamaduni wa jumla na ya lugha; kijana asiyelelewa katika kusoma na kuandika huanguka hapo, hata akiwa bingwa wa kemia. Tatu, tazameni kazi zilizopo mjini petu tangu kambi ya wakimbizi ya Lusenda ilipofunguliwa 2015 na makazi ya Mulongwe 2017: mashirika yanatafuta watu wa kuandika ripoti, kutafsiri, kuhoji wakimbizi na kusimamia vikao, redio zinatafuta watangazaji, mahakama zinatafuta makarani na mawakili, na shule zetu zenyewe zimekosa walimu wa Kifaransa na historia waliobobea. Nne, tazameni ng'ambo ya ziwa. Mwanafunzi wa Kigoma akimaliza kidato cha nne kwa ushindi, huweza kuchagua tahasusi ya HKL, yaani historia, Kiswahili na Kiingereza, au HGK, ya historia, jiografia na Kiswahili, wala hakuna amwonaye ameshindwa. Julius Nyerere, aliyesoma historia na uchumi Edinburgh na kutafsiri tamthilia za Shakespeare kwa Kiswahili, hakuonekana Tanganyika kuwa mtu aliyepoteza wakati.

Nasema haya bila kuwabagua madaktari. Wanaotibu Baraka na Nundu wanahitaji warithi, na mtoto mwenye moyo wa tiba apelekwe Biochimie kwa furaha. Ninachokipinga ni ile dhana kwamba akili ina mlango mmoja tu, na kwamba kila aingiaye kwa mwingine ameachwa na bahati.

Maombi yangu

Kwa kuwa malalamiko pasipo maombi hayamsaidii mtu, naomba mambo haya, na kila moja lina mwenye kuhusika nalo.

(a) Wasimamizi wa shule za Kikatoliki, za Kiprotestanti, za Kiislamu na za serikali wakutane, na kabla ya masomo kufunguliwa Septemba ijayo wapeleke kwa wizara ombi la pamoja la kufungua Latin-Philo katika shule moja ya mji wa Baraka na shule moja ya Fizi, zikiwa mali ya watoto wa dini zote. Mwalimu wa Kilatini akiwa mmoja, azigawie shule hizo siku zake. Tangu mkataba wa 26 Februari 1977 dini na serikali zimezoea kuendesha elimu kwa shirika, na hili si gumu kupita yale.

(b) Opsio hiyo iwe ya wanafunzi waliothibitisha uwezo na mapenzi, kwa insha na kwa mahojiano, isiwe jaa la waliokataliwa kwingine. Ikiwa itaanza kwa wanyonge wa darasa, itakufa kwa sifa mbaya kabla ya mwaka wa pili.

(c) Kila prefe aitishe kikao cha wazazi na wanafunzi wa darasa la 8 kabla ya TENASOSP, opsio zote zielezwe kwa usawa, na mtoto mwenyewe aulizwe kwa kinywa chake anataka nini. Hili halihitaji fedha.

(d) Kamati za wazazi zitenge fungu dogo la minervali kwa ajili ya rafu ya vitabu: historia ya Kongo ya Isidore Ndaywel è Nziem, maandiko ya V. Y. Mudimbe, vitabu vya Shaaban Robert, kamusi za Kifaransa na za Kiswahili. Wazaliwa wetu walioko Marekani, Kanada, Ulaya na katika kambi ya Nyarugusu hutuma fedha kwa arusi na matanga; waombwe pia kwa vitabu.

(e) Kila mwanafunzi wa opsio hiyo, katika mwaka wake wa mwisho, aandike masimulizi ya wazee watatu, na mmoja wao angalau asiwe wa kabila lake. Nakala zihifadhiwe shuleni, na ziwe amana ya wote.

(f) Nusu ya nafasi wapewe wasichana, na wale wa kike na wa kiume ambao wazazi wao hawana uwezo wasamehewe sehemu ya malipo. Binti wa Fizi anayeozwa kwa sababu shule imemshinda baba yake kulipa ni mwanasheria ambaye hatutamwona.

Waheshimiwa, najua kuna atakayesema kwamba wakati wa risasi si wakati wa Kilatini. Nami namjibu kwamba vita havikutusubiri kamwe, wala havitatusubiri. Watoto wetu walifanya Examen d'État ndani ya kambi za wakimbizi, ukimbizini kabisa, na hawakuambiwa wangoje amani ndipo wasome. Tukingoja, kizazi kizima kitafikia utu uzima kikiwa na wapiganaji wengi, wachimba dhahabu wengi, wauguzi wachache, na karibu hakuna mtu aliyefunzwa kuandika hukumu, kutunga sheria, kusimulia historia ya pande mbili kwa uadilifu, au kufasiri neno la jirani yake bila kulipotosha. Kisha hao watakaotuandikia sheria na historia watatoka mbali, kama walivyotoka zamani, na tutalalamika tena kwamba hatukuulizwa.

Nawaomba ombi la kwanza mlijibu kabla ya mwaka huu wa masomo kwisha, kwa ndiyo au kwa hapana, na mkisema hapana mtueleze sababu mbele ya wazazi. Nami nimejitolea kufundisha historia na insha bila malipo katika mwaka wa kwanza wa opsio hiyo, shule yoyote itakayoifungua; na wako walimu wenzangu walio tayari kufanya vivyo hivyo. Kilichobaki ni idhini yenu.

Wenu katika utumishi wa watoto wetu,

Mwalimu na mzazi, Baraka